Mbona hakuna aliyemuua Kadinali Richelieu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kusoma riwaya ya zamani ya Kifaransa, Les Trois Mousquetaires, kuhusu askari wa mfalme wanaopigana kwa panga na watu wa Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme. Siku mbili tu, nikaimaliza. Mjomba wangu ananiambia nisipoteze muda, kwamba watu hao hawakuwapo na mambo hayo hayakutokea. Je, ni kweli? Na kama Ufaransa ilijaa mabingwa wa upanga, na wengi wao walimchukia huyo kadinali, mbona hakuna aliyemuua?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amepata nusu. Nimpe haki yake haraka, kisha tuingie kwenye swali lako la pili, maana hilo ndilo zito, na katika miaka yote niliyosomesha historia ya Ulaya ni wanafunzi wachache sana walioniuliza.

D'Artagnan, yule shujaa mkuu wa riwaya yako, alikuwapo. Jina lake kamili ni Charles de Batz de Castelmore, mzaliwa wa Gascony, kusini magharibi mwa Ufaransa. Artagnan ni jina la upande wa mama yake, naye akalichukua kwa sababu lilikuwa na uzito zaidi Paris. Ila riwaya inafunguka mwaka 1625, na mwaka huo d'Artagnan wa kweli alikuwa bado mtoto kwao. Wale rafiki zake watatu nao wametokana na watu halisi: Armand d'Athos, Isaac de Portau na Henri d'Aramitz, wote wa jimbo la Béarn, jamaa au majirani wa mkuu wao, Bwana de Tréville. Athos wa kweli alifariki Paris mwaka 1643, kijana bado. Mwaka 1700, miaka 27 baada ya d'Artagnan kufa vitani, mwandishi aitwaye Courtilz de Sandras alitoa kitabu alichodai ni kumbukumbu za marehemu. Humo ndimo Alexandre Dumas alimochota riwaya yake ya 1844. Watu walikuwapo, basi. Visa vyao vingi ndivyo vilivyotungwa.

Kikosi chao pia kilikuwapo. Mwaka 1622 Mfalme Louis wa 13 alikipa kikosi kimoja cha wapanda farasi magobore, zile bunduki za kushindilia baruti mdomoni, na jina lao la Kifaransa, mousquetaires, lina maana hiyo tu: watu wa gobore. Upanga walikuwa nao kiunoni kama alivyokuwa nao kabaila yeyote wa Ufaransa. Ugomvi wao na walinzi wa kadinali haukuwa hadithi.

Sasa tuje kwenye swali lako. Umeuliza mbona mabingwa wa upanga hawakumuua Richelieu, na ndani ya swali hilo kuna jambo umelichukulia kuwa wazi: kwamba anayejua kupigana kwa upanga anajua pia kuua kwa njama. Mimi nadhani ilikuwa kinyume. Upanga ule ndio uliowafanya wasiweze.

Kwa kabaila wa Kifaransa wa karne ya 17, upanga ulikuwa cheti cha uungwana. Akitukanwa, au akidhani ametukanwa, hakwenda kwa kadhi wala kwa mfalme. Alimtuma rafiki kwa mwenzake, wakapanga mahali na saa, wakaenda kupigana ana kwa ana mpaka mmoja aanguke. Rafiki waliowasindikiza nao walipigana, hata kama hawakuwa na ugomvi wowote. Vijana waliokufa hivyo ni wengi mno, na Richelieu alilijua jambo hilo kwa machungu yake mwenyewe, maana kaka yake mkubwa, Henri, aliuawa katika pambano la namna hiyo mwaka 1619. Mwezi Februari 1626 ikatoka amri ya mfalme kali kuliko zilizotangulia.

Yuko kabaila mmoja aliyeijibu amri hiyo kwa namna ambayo haijasahaulika Paris. François de Montmorency-Bouteville, wa ukoo uliokuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa za nchi, alikuwa amekwisha kupigana mara 21. Alikimbilia Brussels baada ya pambano mojawapo, akaombewa msamaha, na mfalme akakataa kumrudisha mbele yake. Bouteville akaapa kwamba atarudi kupigana Paris kwenyewe, tena Place Royale. Uwanja huo leo unaitwa Place des Vosges, nyumba za matofali mekundu pande zote nne, madirisha yote yakitazama katikati. Tarehe 12 Mei 1627, mchana kweupe, akafanya alivyoapa. Walikuwa watatu kwa watatu, upanga mkono wa kulia na jambia mkono wa kushoto, watu wakiwatazama madirishani. Bouteville na adui yake, Beuvron, hawakuuana. Lakini binamu yake, des Chapelles, alimuua mtu wa upande wa pili, Bussy d'Amboise. Beuvron alitorokea Uingereza. Bouteville na binamu yake walikamatwa katika mji wa Vitry, njiani kwenda Lorraine.

Mke wa Bouteville, mjamzito, alimpigia mfalme magoti. Wakubwa wa ukoo wakaja kuomba. Richelieu alimwekea mfalme hoja kwa maneno ambayo kila mwanafunzi wa historia ya Ufaransa anayajua: ama wayakate koo mapambano haya, ama zikatwe koo amri za mfalme. Tarehe 22 Juni 1627 wote wawili walikatwa vichwa, uwanja wa Grève. Mtoto aliyekuwa tumboni alizaliwa mwaka uliofuata, akakua, akawa mmoja wa majemadari wakubwa wa Louis wa 14, yule aitwaye Maréchal de Luxembourg.

Mtazame Bouteville vizuri, maana yeye ndiye jibu lako. Hakuchagua kichochoro wala hakungoja usiku. Alitaka aonekane, kwa sababu kwake tendo la upanga lisiloonekana halikuwa na maana. Sasa mtu kama huyu mpe kazi ya kumvizia kasisi mgonjwa ngazini na kumchoma kisu. Ujuzi anao tele. Kinachomshinda ni kwamba siku ya pili yake hatakuwa muungwana tena, na uungwana huo ndio alioutolea roho.

Nikupe mifano miwili ya mauaji ya kisiasa yaliyofaulu zama hizo hizo, uone yalihitaji nini. Tarehe 14 Mei 1610 Mfalme Henri wa 4, baba yake Louis wa 13, alikuwa garini katika mtaa mwembamba wa Ferronnerie, Paris. Gari likakwama kwenye msongamano. Mtu aitwaye François Ravaillac akakanyaga gurudumu, akamchoma kisu. Waliotafuta nani alimtuma walimtesa mpaka mwisho, naye akashikilia kwamba alikuwa peke yake. Huyu hakuwa mtu wa ngome wala wa vyeo, na hapakupatikana barua ya mtu yeyote. Mfano wa pili ni wa 24 Aprili 1617. Concini, Mwitalia aliyekuwa kipenzi cha mama yake mfalme na mwenye nguvu kuliko mawaziri wote, alipigwa risasi kwenye daraja la kuingilia jumba la Louvre. Waliompiga waliongozwa na Vitry, mkuu wa walinzi wa mfalme, kwa amri ya mfalme mwenyewe, kijana wa miaka 15. Vitry akapandishwa cheo kuwa jemadari.

Kwa hiyo zilikuwapo njia mbili. Ama uwe mtu mmoja usiye na cha kupoteza, ama uwe na neno la mfalme. Maadui wa Richelieu hawakuwa hili wala lile, na Richelieu alilielewa hilo kuliko wao, kwani siku Concini alipouawa yeye alikuwa waziri katika serikali ile ile na alianguka nayo. Aliporudi madarakani mwaka 1624 alikuwa amejifunza kwamba roho yake inakaa katika sikio la mfalme. Mwezi Novemba 1630 mama yake mfalme alimtukana mbele ya mwanawe, katika jumba la Luxembourg, wakubwa wote wakaamini amekwisha, wakaanza kumpongeza mama huyo. Mfalme akaenda zake Versailles, akamwita kadinali huko, akamthibitisha. Wafaransa wanaiita siku ile siku ya waliopumbazwa. Mama yake mfalme alifia uhamishoni Cologne mwaka 1642.

Wakilikosa neno la mfalme, watu wale wa njama walijitafutia kitu cha kufanana nalo, nacho kilikuwa Gaston, mdogo wake mfalme. Louis hakuwa na mtoto mpaka 1638, na afya yake ilikuwa mbovu. Gaston ndiye mrithi. Anayekula njama na mrithi anaweza kujiambia kwamba haasi, anatangulia tu kumtumikia mfalme ajaye. Na damu ya Gaston haikuweza kumwagwa na mtu yeyote. Lakini hapo ndipo palipokuwa na sumu. Mtu asiyeweza kukatwa kichwa hana sababu ya kufunga mdomo. Kila njama ilipovuja Gaston alitubu, akawataja wenzake, akasamehewa, nao wakaenda kufa.

Ya kwanza ni ya 1626. Mpango ulikuwa kwamba watu wa Gaston waende Fleury, nyumba ya shamba ya Richelieu karibu na Fontainebleau, waombe chakula cha mchana kama wageni, wazushe ugomvi mezani, na katika vurugu hiyo kadinali auawe. Ona jinsi walivyohitaji uonekane ugomvi. Mmoja wao, Henri de Chalais, mwangalizi wa nguo za mfalme, alimwambia mjomba wake, Valençay. Siri ya watatu si siri. Valençay akamshika mkono, akampeleka kwa Richelieu akaseme yote. Inasimuliwa kwamba asubuhi ya siku yenyewe, badala ya kukimbia, kadinali alikwenda Fontainebleau, akaingia chumbani kwa Gaston aliyekuwa bado kitandani, akamwambia amesikitika hakuarifiwa mapema, angewaandalia wageni karamu inayostahili. Kisha akampa shati lake avae, heshima iliyokuwa ya watumishi wakubwa, akaaga, akaondoka. Hakuna upanga uliochomolewa. Naona ubaridi wa shati lile mgongoni mwa Gaston mpaka leo.

Chalais hakutulia. Alirudi kwenye njama, akapandwa kichwa na mapenzi ya Duchesse de Chevreuse, mwanamke mwenye akili na ujasiri kuliko karibu wanaume wote wa kisa hiki, akakamatwa Nantes. Mwezi Agosti, katika mji huo huo, Gaston aliozwa mke aliyekuwa akimkataa, na kadinali mwenyewe ndiye aliyefungisha ndoa. Wiki mbili baadaye, tarehe 19, Chalais alitolewa kukatwa kichwa. Rafiki zake walikuwa wamemficha mnyongaji, wakidhani hukumu itaahirishwa. Akatafutwa mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa kifo, akaahidiwa uhai wake, akapewa upanga. Hakujua kazi. Alimpiga karibu mara 30. Wale rafiki walitaka kumwokoa, na hicho ndicho walichompatia.

Baada ya hapo mfalme alimruhusu Richelieu awe na walinzi wake mwenyewe. Hao ndio maadui wa mashujaa wako katika riwaya.

Mwaka 1636 njama ilikaribia kufaulu kuliko wakati wowote. Mahali ni Amiens, wakati wa vita na Hispania. Baraza lilikutana katika nyumba aliyofikia mfalme, likaisha, mfalme akaondoka. Chini ya ngazi alibaki Richelieu akizungumza na Gaston na binamu yake Gaston, Comte de Soissons. Nyuma ya kadinali walikuwa wamesimama Montrésor na Saint-Ibar, panga zao tayari. Walichongoja ni ishara ya jicho kutoka kwa Gaston, basi. Wapiganaji wawili hodari, mzee mmoja mgonjwa asiye na silaha, hatua mbili au tatu kati yao. Gaston akageuka, akapanda ngazi mbio. Montrésor akamfuata juu kumuuliza imekuwaje, naye hakupata jibu la maana. Chini, Richelieu aliaga, akaenda zake.

Wengine husema Gaston alikuwa mwoga. Neno hilo ni jepesi mno, maana vitani hakuwa hivyo. Kuna woga wa kuagiza, ambao si woga wa kupigana. Kumwaga damu ya kasisi, tena kadinali wa Kanisa, kulikuwa na laana yake, na pale ngazini mtu wa kuibeba laana hiyo alikuwa mmoja.

Njama zikashindwa ngazini, zikahamia kwenye karatasi. Na huko Richelieu alikuwa nyumbani kwake. Alimwajiri mtu aitwaye Antoine Rossignol, aliyejitokeza miaka ya 1620 wakati mji wa Waprotestanti wa Réalmont ulipozingirwa. Ilikamatwa barua ya mafumbo iliyotumwa kutoka ndani ya mji. Rossignol akaifumbua, ikaonekana wamekwisha kuishiwa baruti. Wakarudishiwa barua yao, imeandikwa kwa maneno ya kawaida. Mji ukajisalimisha. Kuanzia hapo kila aliyeandika kwa mafumbo katika Ufaransa alikuwa akimwandikia Rossignol pia.

Hata malkia alinaswa. Anne wa Austria alikuwa dada yake mfalme wa Hispania, na mwaka 1637, nchi mbili zikiwa vitani, iligundulika anawaandikia ndugu zake kwa siri kupitia nyumba ya watawa ya Val-de-Grâce. Mtumishi wake, La Porte, akatiwa Bastille. Malkia alihitaji kumjulisha amekiri nini ili maneno yao yasipingane. Marie de Hautefort, mmoja wa mabibi waliomhudumia, alivaa nguo za kijakazi, akaenda asubuhi na mapema kwenye gereza lile, akakabidhi kijikaratasi kwa mfungwa aliyejulikana kwao. Kikateremshwa sakafu kwa sakafu, mfungwa kwa mfungwa, mpaka kwa La Porte. Ukitaka ushujaa wa kweli wa zama hizo, anza na kijakazi huyu wa uongo, ambaye angekamatwa asingekuwa na upanga wa kujitetea nao.

Na ile Duchesse de Chevreuse, aliyekuwa uhamishoni Tours, walikuwa wameagana: akiletewa kitabu cha sala chenye jalada la kijani, mambo shwari, chekundu, akimbie. Kikamfikia chekundu, kwa kosa, kwani hatari ilikuwa imepita. Akavaa nguo za kiume, akapanda farasi, akaukata nusu ya Ufaransa mpaka Hispania.

Kisa kilicho kikubwa kuliko vyote ni cha Cinq-Mars, na hapa nitakaa kidogo. Mfalme alikuwa mtu mpweke, mwenye huzuni, asiyeweza kuishi bila kipenzi wa kumlalamikia. Richelieu akaamua kumchagulia. Akamleta Henri d'Effiat, Marquis de Cinq-Mars, mtoto wa rafiki yake marehemu, kijana mzuri wa sura, mpenda nguo na starehe. Akiwa na miaka 19 tu alifanywa mkuu wa farasi wa mfalme, cheo ambacho mwenye nacho aliitwa Bwana Mkubwa. Mfalme alipenda kuwinda na kulala mapema. Kijana alipenda kukesha Paris. Waligombana mpaka kadinali akawasuluhisha kwa maandishi. Zipo hati, mojawapo ya Novemba 1639, ambamo mfalme wa Ufaransa na kijana huyo wametia saini kwamba wanaridhiana. Huwa nawaonyesha wanafunzi tafsiri yake, maana hakuna kinachoonyesha zaidi jinsi karatasi ilivyoingia hata katika moyo wa mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Cinq-Mars alitaka kumwoa Marie de Gonzague, binti wa kifalme, Richelieu akamcheka. Alitaka kuingia barazani, Richelieu akamfukuza kama mtoto. Wakati huo mfalme alikuwa akimlalamikia kadinali mbele yake kila siku, na kijana akayasikia malalamiko kama ruhusa. Yameandikwa katika kumbukumbu za zama zile maneno ya Tréville, ndiyo, yule yule mkuu wa kikosi cha mashujaa wako: kwamba alikuwa tayari kumuua kadinali mfalme akisema neno. Mfalme akajibu kwamba yule ni kasisi, na kwamba yeye mfalme atatengwa na Kanisa. Tréville akasema yeye atakwenda Roma kuombewa msamaha, na ana hakika atapokewa vizuri. Lakini mfalme hakulisema neno lenyewe. Vitry alilipata mwaka 1617, Tréville hakulipata.

Cinq-Mars na wenzake wakaigeukia Hispania. Tarehe 13 Machi 1642, mjini Madrid, mjumbe wao Fontrailles alitia saini mkataba na Olivares, waziri mkuu wa Hispania: askari 12,000 wa miguu na 5,000 wa farasi, fedha, na ngome ya Sedan, mali ya Duc de Bouillon, iwe kimbilio. Gaston tena ndiye aliyewekwa mbele. Fikiria: Ufaransa ilikuwa vitani na Hispania tangu 1635, mfalme mwenyewe yuko kusini anauzingira mji wa Perpignan, na kipenzi chake analala hema la jirani mkataba huo ukiwa umesainiwa.

Richelieu alikuwa akifa. Majipu yalikuwa yamemla mkono, hawezi kuandika, anabebwa kitandani na walinzi wake. Nakala ya mkataba ikamfikia mwezi Juni. Akaipeleka kwa mfalme, Narbonne. Hakuhitaji kuongeza neno. Malango ya mji yakafungwa, Cinq-Mars akajificha usiku mmoja katika nyumba ya mwenyeji, mwenye nyumba akamtoa, na tarehe 13 Juni akakamatwa. Gaston aliichoma moto karatasi yake, kisha akakubali kuthibitisha nakala, akasamehewa. Bouillon alitoa ngome yake, akapewa uhai. Wakabaki wawili wasio na cha kutoa: Cinq-Mars na rafiki yake, François-Auguste de Thou.

De Thou ndiye anayeniuma. Hakusaini mkataba, wala hakuupenda. Kosa lake lilikuwa kuujua na kunyamaza, na kwa sheria ya Louis wa 11, ya mwaka 1477, kunyamaza kulitosha. Huyu alikuwa na kile ambacho wote wengine walikikosa, mdomo wa kufunga, nacho ndicho kilichomuua. Alipelekwa mtoni Rhône katika mashua iliyovutwa nyuma ya ile ya kadinali mgonjwa. Tarehe 12 Septemba 1642, uwanja wa Terreaux, Lyon, Cinq-Mars alitangulia, akiwa na miaka 22. Mnyongaji alikuwa wa kukodi, kwa sababu wa mji alikuwa amevunjika mguu. De Thou hakufa kwa pigo moja.

Siku za mwisho za uhai wake Richelieu alimbana mfalme mpaka Tréville akafukuzwa. Tarehe 4 Desemba 1642 akafa kitandani mwake, Paris. Tréville aliitwa arudi baadaye.

Utaniuliza d'Artagnan alikuwa wapi katika haya yote. Alikuwa askari mdogo tu. Zamu yake ilikuja chini ya mfalme mwingine, na ni kinyume cha ulivyomsoma. Tarehe 5 Septemba 1661, Nantes, mji ule ule wa Chalais, Louis wa 14 alimkabidhi mkononi mwake amri ya kumkamata Nicolas Fouquet, msimamizi wa hazina, mtu aliyekuwa tajiri na mwenye marafiki kupita kiasi. Baraza lilipotoka d'Artagnan alimpoteza Fouquet katika umati. Akamkimbilia, akampata kwenye kiti chake cha kubebwa karibu na kanisa kuu, akamwonyesha karatasi. Fouquet akaisoma. Hapakuwa na pambano. Wapekuzi walipofika nyumba yake ya Saint-Mandé walikuta, nyuma ya kioo, maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake miaka kadhaa kabla, namna marafiki zake watakavyoshika ngome iwapo atakamatwa. Alikuwa ameyasahau hapo.

D'Artagnan alimlinda mfungwa huyo zaidi ya miaka mitatu, na kwa upole, kwa ushahidi wa marafiki wa Fouquet wenyewe. Januari 1665 alimfikisha gereza la Pignerol, milimani, akamkabidhi kwa Saint-Mars, askari aliyekuwa wa kikosi chake. Ni Saint-Mars huyo huyo ambaye baadaye alimlinda yule mfungwa wa barakoa aliyefia Bastille mwaka 1703. Barakoa yenyewe, kwa daftari la gereza, ilikuwa ya mahameli nyeusi. Chuma kiliongezwa na wasimuliaji.

Mwaka 1667 d'Artagnan akawa mkuu wa kikosi kile alichokuwa nacho Tréville. Tarehe 25 Juni 1673, Maastricht, Uholanzi, askari wa mfalme walikuwa wakipigania ngome iliyotekwa usiku na kupotea asubuhi. Alikuwa mbele ya watu wake. Risasi ya gobore ikampata kooni.